Kukinga si kutibu: tunavyosoma vibaya majaribio ya dawa za asili za vidonda vya tumbo

Habari za aina hii hazipiti wiki bila kuonekana. Chuo fulani, kiwe cha Nigeria, cha India, cha Ethiopia au cha hapa kwetu, kimechapisha utafiti kwamba majani au magome ya mti fulani yanakinga vidonda vya tumbo. Siku mbili baadaye habari imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na picha ya mti, na mwezi haujaisha tayari kuna chupa ya plastiki kando ya barabara yenye karatasi iliyoandikwa kwamba dawa iliyomo imethibitishwa maabara na inatibu kabisa vidonda vya tumbo. Neno limebadilika njiani. Lililotoka maabara lilikuwa kukinga. Lililomfikia mgonjwa ni kutibu.

Naandika kuhusu neno hilo moja kwa sababu naamini ndilo linalopotosha pande zote mbili za mjadala huu. Wauzaji wanalikuza na madaktari wengi wanalipuuza, na kati yao ni wachache waliokaa chini kuuliza jaribio lenyewe lilikuwa linajibu nini. Lilikuwa linajibu swali moja jembamba: je, dawa hii ikitangulia kuingia tumboni, itazuia ukuta wa tumbo usichubuke pale kitu kikali kitakapofuata? Ni swali halali, na lina watu wake. Lakini watu hao siyo wengi wa wale wanaouziwa chupa. Ni wale wanaomeza dawa za maumivu kila siku kwa ajili ya magoti na mgongo, na wale walioandikiwa aspirini ya kila siku baada ya kupata kiharusi au shida ya moyo. Tumechukua dawa ambayo ushahidi wake ni wa kinga tukawapelekea watu ambao vidonda vyao vinaletwa na maambukizi ya bakteria, ambao inawachelewesha, na hatujaipima kwa watu ambao pengine ingewafaa.

Wakati wa kulisema hili ni sasa. Mei 2025 Mkutano wa Afya Duniani, uliofanyika Geneva, uliidhinisha mkakati mpya wa tiba asili wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unaoanzia 2025 hadi 2034, na miongoni mwa malengo yake ni kujenga ushahidi wa kisayansi wa tiba hizi. Serikali zetu zimeupokea vizuri. Hofu yangu ni kwamba ushahidi utahesabiwa kwa wingi wa machapisho, na kwa vidonda vya tumbo machapisho tunayo mengi mno tayari, karibu yote ya namna moja.

Tuliangalie basi jaribio lenyewe, maana wengi wanaolinukuu hawajawahi kusimuliwa linavyofanyika. Panya weupe wa maabara hunyimwa chakula kwa siku nzima ili tumbo liwe tupu. Hugawanywa makundi, aghalabu panya watano au sita kwa kila kundi. Kundi moja hupewa maji tu, jingine dawa inayojulikana ya hospitali ya kupunguza tindikali kama omeprazole au pantoprazole, na yaliyobaki hupewa dawa ya mmea kwa vipimo vinavyopanda. Dawa hupitishwa kooni kwa mrija mwembamba wa chuma wenye ncha ya mviringo. Baada ya muda, kwa kawaida saa moja, panya wote hupewa kwa mrija huo huo mililita moja hivi ya pombe kali, mara nyingi iliyochanganywa na tindikali. Saa moja baadaye panya wanauawa. Tumbo linatolewa, linapasuliwa kufuata ukingo wake mrefu, linaoshwa kwa maji ya chumvi na kutandazwa kwenye ubao kama kipande cha kitambaa. Kwa panya waliopewa maji utaona michirizi myekundu iliyokoza, imefuata mikunjo ya tumbo kama alama za kucha. Mtafiti anapima kila mchirizi kwa rula, anajumlisha milimita, na kupata namba anayoilinganisha na ya kundi jingine. Kwa waliotangulizwa dawa ya mmea, michirizi hupungua au hukosekana kabisa. Tofauti hiyo huandikwa kwa asilimia, na asilimia hiyo ndiyo inayosafiri hadi kwenye simu zetu.

Mfano wa nyumbani upo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili walichapisha kazi kama hiyo juu ya mchanganyiko wa mimea mitano inayotumiwa na waganga wetu kwa vidonda vya tumbo, ikiwemo Ozoroa insignis, Maytenus senegalensis na Entada abyssinica. Mchanganyiko ulizuia michubuko kwenye matumbo ya panya, na kadiri kipimo kilivyoongezwa ndivyo kinga ilivyoongezeka. Sumu yake ya papo kwa papo ilikuwa ndogo. Na nguvu yake ya kuua bakteria waliopimwa ilikuwa hafifu. Watafiti wenyewe walisema hivyo, bila kuficha. Kinga imeonekana, uwezo wa kuua bakteria haujaonekana. Mwenye kusoma sentensi hizo mbili pamoja ameshaelewa nusu ya makala haya.

Nusu ya pili inatoka Perth, Australia. Hadi miaka ya mwanzo ya 1980, madaktari duniani kote walifundishwa kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo, pilipili na tindikali kupita kiasi. Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha maabara bakteria aliyejikunja kama parafujo, aliyekuwa akiishi ndani ya ute wa tumbo la wagonjwa wao. Wenzao hawakuwaamini, na 1984 Marshall akanywa kikombe cha bakteria hao, akaugua uvimbe wa ukuta wa tumbo ndani ya siku chache. Bakteria huyo leo anaitwa Helicobacter pylori. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO ilimweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Barani Afrika inakadiriwa kwamba asilimia 70 hivi ya watu wanaye. Wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote. Lakini aliyepata kidonda kwa sababu yake akimeza antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza tindikali kwa wiki moja au mbili, na bakteria wakaisha kweli, kidonda kwa kawaida hakirudi tena. Hilo lilikuwa jambo geni kabisa. Kabla ya hapo kidonda kilikuwa ugonjwa wa kupona na kuugua tena mpaka kaburini, au mpaka kwenye meza ya upasuaji.

Chanzo cha pili kikubwa ni dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni, indomethasini na diklofenaki. Hizi hazileti mdudu wala hazitegemei mdudu. Zinachofanya ni kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali za mwili ambazo ndizo huleta maumivu na uvimbe kwenye goti, lakini tumboni ndizo huamuru ute utoke, damu ipite vizuri ukutani na tindikali izuiliwe isiule ukuta wenyewe. Ukimeza diklofenaki umenyamazisha goti, na papo hapo umemwondoa mlinzi wa tumbo. Kwa hiyo mtu mwenye kidonda cha bakteria anahitaji mpangaji mbaya aondolewe nyumbani. Mtu wa dawa za maumivu anahitaji mlinzi arudishwe mlangoni. Jaribio la panya na pombe halina mpangaji. Panya wale hawana Helicobacter pylori, wala kwa kawaida hawaambukizwi naye kwa urahisi. Wanaotaka kumchunguza bakteria huyo hutumia wanyama wengine kama panya wa jangwani wa Mongolia. Jaribio lile tangu mwanzo liliundwa kupima ulinzi wa ukuta, basi.

Na hata katika kupima ulinzi, lina mtego wake. Wazo la kulinda ukuta wa tumbo bila kugusa tindikali lilipata nguvu 1979, pale Andre Robert, mtafiti wa kampuni ya Upjohn ya Marekani, alipoonyesha kwamba panya waliotangulizwa prostaglandini hawakuungua matumbo hata walipopewa pombe kali au maji yanayochemka. Miaka minne baadaye Robert na wenzake walionyesha jambo lililopaswa kuandikwa kwenye mlango wa kila maabara inayofanya majaribio haya: panya waliotangulizwa pombe hafifu au tindikali hafifu nao walikingwa dhidi ya pombe kali. Kitu kinachokera tumbo kidogo hulishtua, tumbo likajihami, na kikali kinachofuata kikakuta limejiandaa. Mimea mingi yenye uchungu na ukakasi, yenye tanini nyingi, yaani kemikali zinazoleta ukakasi huo, inaweza kabisa kukera namna hiyo. Kwa hiyo asilimia kubwa ya kinga kwenye karatasi yaweza kumaanisha dawa nzuri, na yaweza kumaanisha kikera kidogo kilichopewa saa moja kabla ya kikubwa. Jaribio la siku moja haliwezi kutenganisha haya mawili. Mgonjwa anayekunywa kikombe kizima asubuhi na jioni kwa miezi mitatu, yeye yanamhusu.

Sasa tuwape haki yao wanaotetea tiba asili, kwa sababu hoja yao kuu ni nzito. Historia ya dawa za vidonda vya tumbo imejaa mimea. Mwaka 1946 daktari wa Uholanzi aitwaye Revers aliandika kuhusu maji mazito ya mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irqsus, yaliyokuwa yakiwapa nafuu wagonjwa wa tumbo waliokwenda kuyanunua kwa mfamasia mmoja wa mji mdogo. Daktari angeweza kucheka. Aliamua kuyapima. Aliona nafuu, na aliona pia kwamba baadhi yao walivimba uso na miguu. Kutokana na mzizi huo ikatengenezwa carbenoxolone, iliyotumika Uingereza kuanzia miaka ya 1960, ikiwa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa kuthibitika kwa wagonjwa kwamba zinaponya vidonda. Na kwa kuwa madhara yake yalikuwa yameandikwa tangu mwanzo, yaani kubaki kwa chumvi mwilini, kupungua kwa potasiamu na kupanda kwa presha, madaktari walijua wa kutompa. Korea Kusini walichukua pakanga yao ya asili, wakaipitisha kwenye panya kisha kwa wagonjwa, na tangu 2002 ni dawa iliyosajiliwa. Kolkata, India, watafiti walianza na magome ya mwarobaini kwenye panya na 2004 wakachapisha matokeo kwa wagonjwa, ambao tindikali yao ilishuka sana ndani ya siku kumi. Wagonjwa walikuwa wachache, na kazi hiyo ilistahili kuendelezwa. Mwarobaini tunao kwenye kila ua kuanzia Tanga hadi Lamu.

Hoja yao nyingine ni usugu wa bakteria, nayo ni ya kweli. Clarithromycin, antibayotiki ambayo matibabu ya Helicobacter pylori yameitegemea kwa miaka mingi, inaendelea kushindwa. Mwaka 2017 WHO iliweka bakteria huyo sugu kwenye orodha ya wale wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Mmea wenye uwezo wa kusaidia pale antibayotiki zinapochoka ungekuwa neema. Ila njia ya kuupata inapita kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba utomvu wa mastiki kutoka kisiwa cha Chios, Ugiriki, uliotafunwa huko kwa ajili ya tumbo tangu enzi za kale, unaua Helicobacter pylori kwenye sahani ya maabara. Dunia nzima ilishangilia. Mwaka 2003 wagonjwa walipewa utomvu huo na kupimwa tena, na bakteria wakakutwa pale pale walipokuwa. Sahani ya maabara haina tindikali, haina ute wa kujificha, na haimwagi kilichomo ndani ya saa mbili kama tumbo lifanyavyo baada ya mlo.

Upande wa madaktari, hoja dhaifu kuliko zote ni ile fupi ya kwamba panya si mtu. Ni kweli, lakini omeprazole wanayoiandika kila siku nayo ilianzia kwa wanyama. Panya ni mlango, na kosa letu ni kujenga nyumba nzima mlangoni. Upande wa wauzaji kuna dhaifu zaidi, nayo nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo inayouza chupa nyingi: kwamba babu zetu walitumia, wakapona, basi hakuna haja ya kupima. Wazee wetu walijua mengi na nawaheshimu kwa kila walichotuachia. Lakini kidonda cha tumbo ni ugonjwa wenye tabia ya kuhadaa. Kinakuja na kuondoka. Katika majaribio ya miaka ya 1970 na 1980, wagonjwa waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote ndani, theluthi moja hivi vidonda vyao vilifunga wenyewe ndani ya wiki nne. Wakarudi kuugua baadaye, lakini zile wiki nne walikuwa mashahidi wazuri. Chochote utakachompa mtu wakati maumivu yamefika kileleni, iwe kabichi, mlonge, asali au maji ya moto, kina nafasi kubwa ya kusifiwa. Isitoshe, mengi tunayoyaita vidonda vya tumbo mitaani hayajawahi kuonwa na kamera ile nyembamba ya hospitali inayopitishwa kooni hadi tumboni. Ni kiungulia, ni gesi, ni tumbo lililokaa na njaa, mara nyingine ni nyongo. Mtu amepona ugonjwa ambao hakuwa nao, na ushuhuda wake unamfikia jirani ambaye anao.

Huyo jirani ndiye ninayemwogopea. Kidonda cha bakteria kinachotulizwa kwa miezi bila kuondolewa bakteria kinaendelea kuchimba. Siku moja kinafika kwenye mshipa, mtu anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami, au kinatoboa ukuta kabisa na tumbo linakuwa gumu kama ubao. Mwaka 2011, foleni za magari zilipokwenda Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, tuliona wazi watu wakiacha dozi zao kwa imani ya dawa ambayo vipimo vyake vilikuja nyuma ya umati. Tukio lile lilikuwa kubwa, kila mtu aliliona. La vidonda vya tumbo linatokea kimya kimya, chupa moja moja.

Nirudi kwa watu ambao kinga ni haki yao. Shangazi yangu ana miaka sabini na ushee na magoti yaliyochakaa. Kila jioni humeza diklofenaki. Kila asubuhi, kabla ya chai, hukoroga kijiko cha unga wa ndizi mbichi kwenye maji ya uvuguvugu, uji mwembamba wa kijivu usio na ladha, akaunywa amesimama. Aliyemwandikia diklofenaki hakumuuliza lolote kuhusu tumbo, na aliyemuuzia unga alimwambia utaondoa bakteria hivyo asihangaike na kipimo. Wote wawili walimkosea. Lakini yeye mwenyewe, bila kujua, alikuwa amejifanyia jaribio ambalo vyuo vyetu havijalifanya. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walichapisha kwamba unga wa ndizi mbichi zilizokaushwa uliwakinga panya dhidi ya vidonda vya aspirini, na wenzao wakaja kukitambua kiambata kimojawapo kinachofanya kazi hiyo. Ndizi zile zilikuwa za jamii ya mzuzu na mkono wa tembo, na ukomavu wake pamoja na namna ya kuzikausha vilikuwa na uzito katika matokeo. Wakati huo huo unga unaouzwa kwetu unaweza kuwa wa mzuzu, wa bukoba au wa ndizi yoyote iliyokuwa rahisi sokoni siku hiyo, iliyokaushwa juani juu ya turubai au kwenye oveni.

Na kupima kinga kwa binadamu si jambo la mabilioni. Mwaka 1995 watafiti wa Singapore walitaka kujua kama pilipili, ambayo kila mgonjwa wa tumbo huambiwa aikimbie, inaumiza tumbo au inalilinda. Walichukua watu 18 wenye afya ambao kamera ilionyesha matumbo safi. Siku moja mtu alipewa gramu 20 za pilipili na maji, nusu saa baadaye miligramu 600 za aspirini, na saa sita baadaye kamera ikaingia kuhesabu michubuko. Siku nyingine, wiki nne mbali, mtu huyo huyo alipewa aspirini bila pilipili. Michubuko ilikuwa michache siku ya pilipili. Matokeo hayo hayamruhusu mwenye kidonda kwenda kula pilipili. Yanaonyesha tu kwamba watu 18, kamera moja na ratiba iliyopangwa vizuri vilitosha kuuliza swali la kinga kwa tumbo la binadamu. Kamera tunazo Muhimbili, tunazo Bugando, tunazo Kenyatta. Mzuzu tunao, mwarobaini tunao, ile mimea mitano ya 2012 tunayo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuvuka kutoka kwa panya wa sita kwenda kwa mtu wa kwanza.

Nafahamu kwa nini uamuzi huo hauji. Jaribio la panya humaliza shahada ya uzamili ndani ya mwaka, linachapishika, na halihitaji kibali kizito. Jaribio la binadamu linadai kamati ya maadili, bima ya washiriki, dawa iliyotengenezwa kwa kiwango kimoja kila mara, na mwenye fedha atakayevumilia. Mmea usio na hakimiliki hauna mwenye fedha huyo. Hapo ndipo serikali inapotakiwa kuingia kama mdau, kwa sababu faida ya mzuzu ukithibitika ni ya umma. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, ina Baraza lake, na Muhimbili ina kitengo cha tiba asili tangu 1974. Hatuanzi na shamba la msitu. Ningependa kuona fedha chache zilizopo zikiacha kulipia mmea wa hamsini kupitishwa kwenye pombe na panya, zikalipia mimea miwili au mitatu iliyokwisha kuonyesha dalili kupelekwa kwa watu wanaotumia dawa za maumivu, ikishindanishwa na omeprazole kwa haki. Mganga aliyetoa maarifa yake awe kwenye makubaliano tangu siku ya kwanza, kama inavyotaka Itifaki ya Nagoya ya 2010, mkataba wa kimataifa wa kugawana kwa haki faida za mimea na maarifa ya jadi, maana bila hivyo atatupa majina ya nusu ya mimea na nusu ataibakiza nyumbani, na atakuwa na haki.

Kwenye chupa nako kunahitaji mkono wa sheria. Bidhaa ambayo ushahidi wake wote ni wa panya iseme hivyo kwenye karatasi yake, na neno inatibu lisiwekwe kabisa. Muuzaji atakayesema bidhaa yake inalinda tumbo la mtu anayemeza diklofenaki aulizwe mmea gani hasa, sehemu gani ya mmea, umevunwa wapi na umekaushwa vipi. Na mhudumu wa duka la dawa anayetoa diklofenaki kwa mzee aulize la pili: una historia ya vidonda, unatumia dawa gani nyingine, umewahi kupima Helicobacter pylori? Vyanzo hivi viwili vikikutana kwenye tumbo moja hatari huwa kubwa kuliko ya kimoja, kwa hiyo hata shangazi mwenye kinga bora duniani alihitaji kile kipimo cha choo alichoambiwa asihangaike nacho.

Alikwenda kupima mwezi uliopita, na sasa dozi ya maumivu imepunguzwa na kuwekewa omeprazole pembeni. Unga hajauacha. Nilimuuliza, "Shangazi, hii ni ndizi gani?" Akaichukua pakiti mezani, akavaa miwani, akaigeuza mbele na nyuma taratibu. "Wameandika ndizi mbichi asilia, mwanangu," akasema, akanirudishia nijionee mwenyewe.